Kufundisha Utambuzi wa Hitilafu Ndogo za Simu za Mkononi

Makala haya yamekusudiwa wakufunzi wenzangu pamoja na wanachuo wanaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya ufundishaji. Yanahusu somo moja tu, la vipindi viwili vya dakika 40 kila kimoja, ambalo nimelifundisha kwa miaka kadhaa hapa Arusha: jinsi ya kutambua na kurekebisha nyumbani hitilafu ndogo za simu ya mkononi. Somo lenyewe si gumu. Hata hivyo, mara ya kwanza nililifundisha vibaya, na ubaya huo haukuonekana katika alama za mtihani. Ndiyo sababu nimeona yafaa kuueleza.

Mara hiyo ya kwanza nilichora jedwali ubaoni lenye safu mbili. Safu ya kushoto niliipa kichwa cha "Hitilafu", na ya kulia "Tiba". Chini yake nikaorodhesha mambo kumi na moja. Namba nne ilisema: simu haipandishi chaji, safisha tundu la chaji. Wanachuo walinakili kwa hati nzuri. Katika jaribio la wiki iliyofuata karibu wote waliandika orodha yote bila kukosea, nami nikaandika katika kumbukumbu za somo kwamba shabaha imefikiwa.

Jumatatu moja baadaye, mwanachuo mmoja alinisubiri mlangoni mwa ofisi akiwa ameshika kitochi kilichofungwa ndani ya leso. Simu hiyo ilikuwa ya shangazi yake, ambaye huuza ndizi na parachichi katika soko la Tengeru. Jumamosi, siku ya gulio, simu ilikataa kupandisha chaji, na kijana alijitolea kuitengeneza kwa kuwa alikuwa ametoka kulisoma jambo hilo chuoni. Alichukua sindano ya kushonea akachokonoa tundu la chaji. Meno mawili ya ndani yakapinda na kugusana. Kisha akaazima chaja ya jirani ili ajaribu. Simu ikatoa harufu ya kuungua na haikuwaka tena.

"Nilifuata namba nne, Mwalimu," akaniambia.

Tulichukua ule waya wa zamani wa shangazi tukauchomeka kwenye simu yangu. Nayo haikupandisha chaji. Waya ulikuwa umekatika ndani, karibu na kichwa chake, mahali ambapo nyaya nyingi hukatika. Simu ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Jumatano, ambayo pia ni siku ya gulio, nilifuatana na kijana hadi Tengeru kuomba radhi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu kuliko lake. Fundi wa mjini alikwisha kusema kwamba bodi imeungua. Laini ilikuwa salama, lakini majina ya wanunuzi wa Kilombero na wa masoko mengine mjini yalikuwa yamehifadhiwa kwenye simu, si kwenye laini.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wateja wangu wapo, hawajafa," akajibu huku akipanga mikungu. "Ila sasa nitawaita kwa filimbi?"

Nilirudi chuoni nikafuta andalio lile la somo.

Kosa la orodha

Orodha ya hitilafu na tiba huanza na jina la ugonjwa. Lakini mtu aliyeshika simu mbovu hajui jina la ugonjwa. Anaijua dalili tu. Na dalili moja huweza kuwa na sababu tano. Simu isiyopandisha chaji huenda imechomekwa kwenye soketi isiyo na umeme. Huenda kichwa cha chaja kimeungua, au waya umekatika, au tundu limejaa uchafu wa mfukoni, au betri yenyewe imechoka. Orodha yangu ilichagua sababu moja kati ya hizo tano na kumpa mwanafunzi chombo mkononi kabla hajatazama zile nyingine nne. Kwa hiyo nilikuwa nimefundisha mkono kutangulia jicho.

Kuna kosa la pili, ambalo nililitambua baadaye. Nilidhani kwamba wanachuo wangu wanaingia darasani bila maarifa yoyote ya kutengeneza vitu vya umeme. Sivyo hata kidogo. Hakuna nyumba katika nchi hii ambayo haijapata kutengeneza redio. Arusha yenyewe ilipata kuwa na kiwanda cha Philips cha kuunganisha redio, na hata leo kuna mtaa mjini unaoitwa kwa jina hilo. Kila mtu aliyekulia kijijini amepata kuona mawe ya redio yakianikwa juani asubuhi ili taarifa ya habari isikike jioni. Na mawe hayo yalifanya kazi kweli, angalau kwa kipindi kimoja au viwili, kwa sababu joto huharakisha kwa muda kemikali za ndani ya jiwe kavu lililochoka.

Basi nilipowauliza wanachuo 50 wangefanya nini iwapo betri ya simu imeisha nguvu upesi, wengi walijibu bila kusita: iweke juani. Mmoja akasema nyumbani kwao huwekwa kando ya jiko la kuni. Maarifa hayo yametoka kwa wazazi wao na yalikuwa sahihi kwa jiwe la redio. Kwa betri ya simu ni hatari. Mwalimu akianza somo bila kuyaibua, yatabaki kimya ndani ya kichwa cha mwanafunzi na yatarudi kuuongoza mkono wake siku ya shida.

Kwa hiyo somo langu sasa halianzi na simu. Huanza na swali: nyumbani kwenu, redio au tochi ikikataa kuwaka, mkubwa wa nyumba hufanya nini kwanza? Majibu yote huandikwa ubaoni, hata yale ya kuchekesha, kama vile kuipiga redio kofi. (Kofi lenyewe lina maana: huunganisha kwa muda sehemu zilizolegea. Mwanafunzi anayeeleza hivyo apewe pongezi.) Majibu hayo huachwa ubaoni hadi mwisho wa kipindi cha pili, ili darasa lirudi kuyapima moja baada ya jingine.

Vifaa

Wanafunzi wa shule zetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, na hata kama wangeruhusiwa, haifai kufanyia mazoezi simu ambayo mtu anaitegemea. Tumia simu zilizokufa au zilizoachwa. Mafundi wa mjini wanazo katika maboksi na aghalabu huzitoa bure ukiwaeleza ni za darasa. Zipo pia zile zilizofungiwa na Mamlaka ya Mawasiliano tarehe 16 Juni 2016 kwa kuwa namba zake za utambulisho zilikuwa bandia. Hizo ni zana bora kabisa, maana huwaka, hupandisha chaji na vitufe vyake hufanya kazi. Zimekosa mtandao tu. Nyingine bado zimelala kabatini kwa watu.

Vifaa vingine ni vya kawaida: nyaya mbili au tatu za chaja, vijiti vya meno vya mti, mswaki mkuukuu mkavu, raba ya kufutia penseli, kipande cha kitambaa cha pamba, na kopo lenye mchanga mkavu. Ukipata ile chaja ya kubana betri, ambayo wengi huiita kobe, ni vizuri zaidi. Sindano, pini na visu visiwepo mezani. Nami huwaeleza wanachuo sababu yake, nikiwasimulia habari ya Tengeru.

Simu inaishi wapi

Kabla ya kugusa kitu, mwanafunzi hufundishwa kuuliza maswali. Swali la kwanza ninalolipenda ni hili: simu hii inaishi wapi? Hapa kwetu jibu lake lina uzito. Upande wa kusini wa Mlima Meru, katika migomba na kahawa ya Akheri, Poli na Nkoaranga, kuna ukungu na unyevu, na mwezi wa Julai mtu akitoka kwenye baridi ya nje na kuingia jikoni penye moto, simu hupata umande kama kioo cha dirisha. Simu za huko huja na ukungu wa kijani kwenye viunganishi vya betri. Upande wa kaskazini, Ngarenanyuki na Oldonyosambu, mvua ni haba na udongo wa majivu ya volkano hupeperuka kama unga. Simu za huko huwa na sauti hafifu na vitufe visivyosikia, kwa sababu ya vumbi. Mwanafunzi akishajua simu inaishi upande gani, amekwisha kupunguza nusu ya mashaka yake kabla ya kuifungua.

Maswali mengine ni mepesi. Ilianza lini? Ilianguka? Ililowa? Nani mwingine ameigusa? Na swali ambalo shangazi wa Tengeru alinifundisha: majina yamehifadhiwa wapi? Ikiwa simu bado inawaka, kazi ya kwanza ni kunakili namba muhimu kwenye daftari, au kuzihamishia kwenye laini. Wanafunzi hulalamika kwamba huko si kutengeneza. Mwalimu asilegeze hapo.

Majaribio manne

Hapa ndipo kiini cha somo, na hapa mwalimu atumie muda mwingi. Simu mbili na nyaya mbili hutoa majaribio manne. Tuseme simu inayolalamikiwa ni A na waya wake ni wa kwanza. Simu nzima ni B na waya wake ni wa pili. Chomeka A kwa waya wa kwanza, kisha A kwa waya wa pili. Halafu B kwa waya wa kwanza, na B kwa waya wa pili. Matokeo yote manne yaandikwe, hata yale ambayo mwanafunzi anadhani anayajua.

Ikiwa A inakataa waya wa kwanza lakini inakubali wa pili, waya wa kwanza ndio mbovu, na B itathibitisha kwa kuukataa pia. Ikiwa A inakataa nyaya zote mbili na B inazikubali zote, hitilafu iko ndani ya A. Ikiwa hakuna lolote linalokubali, usiilaumu simu: tazama kichwa cha chaja, soketi, au kama umeme upo. Nimepata kuona kundi zima likifungua simu tatu ilhali umeme ulikuwa umekatika chuoni tangu saa nne.

Utaratibu huu wa kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja ni ule ule anaoutumia mwalimu wa sayansi anapochunguza kwa nini mche umekauka. Mwanafunzi aruhusiwe kuona uhusiano huo mwenyewe. Ukimwambia mapema, huuandika kwenye daftari tu. Ni utaratibu unaohamishika kwa laini (iweke kwenye simu nyingine), kwa betri (iazime kutoka simu ya aina ile ile, au ipeleke kwenye kobe), na kwa spika (jaribu vipokea sauti vya masikioni, vikisikika vizuri, mashaka yanabaki kwenye spika).

Kwa mtandao uliopotea kuna jaribio moja la nyongeza. Bonyeza *#06# upate namba ya utambulisho wa simu, kisha weka laini yake kwenye simu nyingine. Laini ikifanya kazi huko, na simu ikikataa laini zote, huenda simu imefungiwa, na hakuna kijiti cha meno kitakachoitibu.

Kazi ya mkono

Baada ya majaribio hayo, kazi ya mkono huwa ndogo, na ndivyo inavyopasa kuwa. Tundu la chaji, ambalo mafundi huliita sistimu ya chaji, husafishwa simu ikiwa imezimwa, waya umechomolewa na betri imetolewa kama inatoka. Tumia kijiti cha mti kilichochongwa chembamba, pita pembeni, usiguse ulimi wa katikati, na shika simu tundu likitazama chini ili uchafu udondoke. Mara nyingi hutoka kipande cha manyoya ya kitambaa kilichoshindiliwa na waya siku baada ya siku, kikubwa kuliko mtu anavyotazamia, na darasa hushangilia. Spika na maiki hupigwa mswaki mkavu kwa namna hiyo hiyo. Mtu asipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina unyevu. Viunganishi vya betri na vya laini husuguliwa polepole kwa raba ya penseli, kisha hufutwa kwa kitambaa. Vitufe vya kitochi huinuliwa na chini yake hufutwa vumbi. Nusu ya vitochi vya upande wa kaskazini hupona hapo.

Simu iliyolowa izimwe mara moja, betri itolewe, ifutwe, na iachwe mahali pakavu penye hewa kwa siku moja au mbili. Kuhusu kuifukia ndani ya mchele, ambayo ni desturi ya dunia nzima, mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake waiache, kwa kuwa chembe ndogo za mchele huweza kuidhuru simu. Na mchele tunaununua.

Mpaka wa nyumbani ni huu: simu ya kupangusa ambayo betri yake haitoki haifunguliwi nyumbani, wala bodi yoyote haichomelewi. Mwanafunzi anayesema "hii ipelekwe kwa fundi" na kueleza sababu kwa maandishi amefaulu sawa na yule aliyetengeneza.

Habari ya betri

Sasa turudi kwenye jua. Betri ya simu si jiwe la redio. Ni ya lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991 na ambayo waanzilishi wake watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Betri ya kitochi huandikwa volti 3.7 na ikijaa hufikia kama 4.2. Ndani yake mna kimiminika kinachoshika moto. Joto humega kemikali zake na kutoa gesi, na gesi isiyo na pa kutokea huivimbisha. Betri iliyowekwa juani haipati nguvu mpya. Inazeeka mbele ya macho yetu.

Jaribio lake ni rahisi na watoto hulipenda. Laza betri juu ya meza tambarare, kisha izungushe kwa kidole kama pia. Iliyo nzima hukwama. Iliyovimba huzunguka, kwa kuwa imesimama juu ya tumbo lake. Betri inayozunguka imekwisha kazi: isitobolewe, isikandamizwe ili irudi, isiwekwe chaji tena hata kwa kobe. Iwekwe ndani ya lile kopo la mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na vinavyoungua, hadi itakapopelekwa kwa muuzaji au fundi anayezipokea. Kwetu takataka huchomwa shimoni nyuma ya migomba. Wanafunzi waambiwe waziwazi kwamba betri haiingii katika shimo hilo.

Wapo wanaodhani kwamba hatari hii ni ya betri za bei rahisi tu. Agosti 2007 kampuni ya Nokia iliwatangazia wateja wake kwamba betri milioni 46 za aina ya BL-5C, ile iliyojaa katika vitochi vyetu, zingeweza kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchaji, na ikajitolea kuzibadilisha. Zilikuwa zimetengenezwa na Matsushita, kampuni ile ile ya redio na betri za National zilizojulikana sana majumbani mwetu. Nikilifikisha darasa hapa, huwarudisha kwenye orodha ya ubaoni na kuwauliza ni jibu gani lifutwe. Anayelifuta awe yule aliyelitoa, naye aeleze kwa nini wazazi wake hawakukosea.

Upimaji

Jaribio la kuandika orodha nimeliacha. Badala yake kila wanafunzi wawili hupewa simu moja, nyaya mbili na nusu saa. Usiku uliotangulia nimekwisha kuziharibu kidogo: kipande cha karatasi kati ya betri na kiunganishi, laini iliyogeuzwa, pamba ndani ya tundu la chaji, waya uliokatwa ndani kwa ustadi. Alama kumi hugawanywa hivi: maswali waliyouliza, alama mbili, majaribio na matokeo yake kwa maandishi, alama tano, uamuzi na sababu, alama mbili, simu kupona, alama moja. Wapo waliolalamika kwamba mgawanyo huu unamwonea mwenye mikono myepesi. Ni kweli, na nimekusudia.

Katika mtihani wa mwisho niliousimamia, wasichana wawili walikaa na simu yao nusu saa nzima. Walifanya majaribio yote manne, wakajaribu laini, betri na spika, wakazungusha betri juu ya meza. Mwishoni waliandika kwa herufi za woga, "Hatukuona hitilafu yoyote," wakakabidhi karatasi bila kunitazama. Niliwapa alama kumi kwa kumi. Simu hiyo sikuwa nimeiharibu.